Leseni ya rubani binafsi kwa akiba ndogo: Nairobi, Pwani, Soroti au nje kabisa?

Dereva_Kisongo aliandika:

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, umri miaka 31. Kazi yangu hunipeleka uwanja wa ndege wa Kisongo kila mara. Nashusha mabegi, wageni wanapanda Caravan, ndege ndogo ya abiria, kwenda Seronera kule Serengeti, narudi mjini na gari tupu. Nimezitazama ndege hizo tangu nianze kazi na sasa nimeamua. Siachi udereva wala sitafuti ajira ya urubani. Nataka leseni ya rubani binafsi, hii wanayoiita PPL, basi.

Nina akiba ya shilingi milioni 24 za kwetu. Nimeulizia Nairobi, chuo kimoja kikanitajia bei ya saa iliyo chini kuliko wengine wote, na wakaniambia nikilipa yote kwa mkupuo wananipunguzia asilimia 10. Jamaa mwingine ananivuta Afrika Kusini. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi viwanjani anasema Soroti, Uganda, ndiyo shule. Binamu yangu yuko Dallas, naye anasema Marekani ndiko kwenye urahisi.

Nafasi yangu ni Aprili na Mei, wakati wa masika, wageni wanapokuwa hawapo. Tajiri wangu ananiachia hata wiki nane. Naombeni ushauri wa mtu aliyepita njia hii. Niende wapi, na nikikaa mbele ya hawa watu wa chuo niwaulize nini?

---

Fundi_Langata alijibu:

Karibu sana ndugu yangu. Mimi ni fundi wa ndege, kazi yangu iko uwanja wa Wilson hapa Nairobi, na leseni ya PPL ninayo pia. Nitakueleza kwa upande wa hangari, yaani karakana ya ndege, kwa sababu wanafunzi wengi hulinganisha vyuo kwa bei ya saa tu, na bei ya saa ndiyo namba inayosema machache kuliko zote.

Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa PPL ni saa 40 za kuruka, au 35 kama kozi nzima imeidhinishwa. Humo ndani saa 10 unaruka peke yako, tano kati ya hizo ni safari za mbali, na safari moja lazima ifike kilomita 270 huku ukitua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Afrika Kusini kiwango ni saa 45. Hizo ni saa za chini kabisa. Anayefanya kazi nyingine akamaliza kwa 40 ni nadra, kwa hiyo wewe weka bajeti ya 55.

Sasa chukua mfano wa vyuo viwili. Cha kwanza ni shilingi 16,000 za Kenya kwa saa, cha pili 19,000. Cha kwanza kina ndege tatu kwenye picha lakini inayoruka ni moja. Unaweka nafasi Jumatatu, unapangiwa Alhamisi ya wiki inayofuata, na ukipanda mkono umeshasahau. Mwalimu hawezi kukupeleka somo jipya, anarudia la zamani, na kurudia huko unalipia wewe. Ukimaliza kwa saa 70 umetoa 1,120,000. Kwenye kile cha 19,000 unaruka mara nne kwa wiki, unamaliza kwa 52, umetoa 988,000. Chuo cha bei ya chini kimekutoza zaidi, tena kimekuweka Nairobi miezi ukilipa kodi ya chumba.

Kwa hiyo ukifika usianze na swali la bei. Uliza, "Leo asubuhi ndege zenu ngapi ziko hewani?" Halafu tembea uzione. Ndege ya mafunzo huingia hangari kila saa 50 kwa ukaguzi mdogo na kila saa 100 kwa mkubwa. Chuo chenye wanafunzi wengi hufikisha saa 100 upesi, na ndege ikiingia ikaonekana silinda imechoka au magneto, kifaa cha kutoa cheche za injini, ina shida, spea inaagizwa ng'ambo. Mwenye ndege moja anafunga kazi. Mwenye nne anakuhamishia nyingine siku hiyo hiyo. Uliza pia injini ina saa ngapi tangu ifumuliwe. Injini ya O-235 ya Cessna 152, ndege ya viti viwili, mtengenezaji ameipangia saa 2,400, na injini ya O-320 ya Cessna 172 za zamani, zenye viti vinne, saa 2,000. Ukisikia injini imebakisha saa 60 ujue katikati ya mafunzo yako ndege hiyo itafunguliwa injini, propela na kila kitu, na haitarudi wiki ijayo. Chuo kizuri hakikasiriki ukiuliza haya. Kinakufungulia kitabu cha ndege.

Jambo la pili ni saa yenyewe inahesabiwaje. Ndege nyingi zina kifaa kinaitwa Hobbs, kinachohesabu muda wote injini ikiwa inawaka. Nyingine hutoza kwa takomita, ambayo hukimbia au kwenda polepole kulingana na mzunguko wa injini, kwa hiyo ukiwa chini unasubiri inahesabu kidogo. Wilson una njia mbili za kurukia, na asubuhi kuna msururu wa Caravan na Dash 8 za abiria wa Mara na Pwani. Wewe na Cessna yako mnasubiri injini ikiwaka. Ukipoteza dakika 12 tu kila somo, katika masomo 45 ni saa 9. Zinaandikwa kwenye logibuku, kitabu chako cha saa za kuruka, ni kweli, lakini hazijakufundisha kutua. Uliza kama wanatoza kwa Hobbs au takomita, na kama mafuta, mwalimu, ada za kutua na kodi vimo ndani ya bei. Kuna vyuo vinavyokutajia bei ya ndege peke yake, mwalimu analipwa kando.

Na hapo hapo uliza masomo ya kutua wanakwenda wapi. Wanaotoka wakaenda kusini, kwa mfano Orly kule Kajiado, hupata saketi, yaani mizunguko ya kupaa na kutua, nyingi kwa saa kuliko wanaobanana Wilson. Lakini usiwe mwepesi wa kuikimbia Wilson kwa sababu ya msongamano. Kujifunza redio kwenye mnara wenye shughuli kuna faida yake kubwa baadaye. Uliza tu wanafundisha vipi kuangalia nje na kutoa taarifa ya mahali ulipo. Tarehe 5 Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya abiria ziligongana juu ya mbuga ya Nairobi. Dash ilirudi ikatua salama. Waliokuwa kwenye Cessna, wawili, walifariki. Sisi tunaofanya kazi pale tunaikumbuka asubuhi ile. Mwalimu asiyekuwa na jibu la maana kwa swali hilo usimpe maisha yako.

Kuhusu kulipa yote kwa mkupuo, usifanye hivyo. Asilimia 10 inavutia, lakini siku ndege zikisimama au chuo kikifungwa, pesa yako ni deni ambalo hakuna wa kulilipa. Nimewaona vijana wamekaa nje ya ofisi ya chuo kimoja na risiti mkononi, ndani hakuna mtu. Lipia saa tano, ziruke, lipia tano nyingine. Wakikataa mpango huo, ondoka.

Soroti ni shule yenye heshima. Ilianzishwa 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, na marubani wengi wakubwa wa kanda hii walipita pale. Lakini mpango wake umejengwa kwa vijana wanaotafuta urubani wa ajira, wanaokaa chuoni muda mrefu. Mtu wa wiki nane kama wewe sioni kama pangekufaa.

Kubwa zaidi kwako ni hiyo Aprili na Mei. Kuna jambo hapo ningependa uniambie kwanza: lazima wiki zote nane ziwe za kuruka?

---

BintiTudor alijibu:

Assalaam aleikum nyote. Fundi amesema kweli tupu, mimi naongezea la Pwani.

Leseni yangu niliipatia huku, msimu wa Kaskazi, kati ya Disemba na Machi, mbingu safi. Faida ya huku ni kwamba uko usawa wa bahari. Ndege inapanda kwa nguvu zake zote, na viwanja havina haraka, unaweza kutua na kupaa mpaka mwili uchoke. Tulikuwa tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaamka. Ikifika saa tano upepo unakuja wa ubavuni na hapo ndipo mwalimu wangu alipokuwa akinirudisha, kwa makusudi kabisa, ili nijue kuishika ndege pua ikiangalia upande na mwili ukienda mbele.

Lakini kaka, kwa miezi yako, Pwani usije. Mei ndio mwezi wetu wa mvua kubwa na Kusi tayari inavuma. Utakaa Diani unatazama maji yakimiminika huku unalipia chumba.

Na jengine. Wewe kwenu Arusha, uwanja wa Kisongo uko zaidi ya futi 4,500. Mtu aliyefunzwa usawa wa bahari pekee, akienda juu huko mchana wa jua, ndege haitampa alichozoea. Mimi nilipokwenda Nairobi mara ya kwanza nilichukua mwalimu saa kadhaa kabla sijaruka peke yangu, na zile saa zilikuwa na thamani kuliko nyingi nilizolipia mwanzo. Kwako wewe kujifunzia bara ni faida.

---

Mkaazi_wa_Texas aliandika:

Habari za kwenu. Nami niko karibu na Dallas, kama binamu yake, na leseni nimeipatia hapa.

Ni kweli ndege ni nyingi, viwanja vidogo viko kila mji, na saa ya ndege kwenye klabu inaweza kuwa nafuu. Kanuni zinadai saa 40, ishirini ukiwa na mwalimu na kumi peke yako, au 35 kwenye shule yenye mtaala ulioidhinishwa. Ila mimi ni mkaazi, ninalala kwangu na kazi ninayo. Kwa mgeni hali ni tofauti kabisa. Viza ya utalii haikuruhusu kusomea leseni. Unahitaji viza ya M-1, na hiyo inatolewa kwa shule zilizosajiliwa kupokea wanafunzi wa kigeni, ambazo mara nyingi ndizo za bei ya juu. Asiye raia lazima pia apitishwe na idara ya usalama wa usafiri kabla ya mafunzo kuanza. Mtahini wa mwisho ni mtu binafsi aliyeteuliwa, unamlipa mwenyewe, na kumpata hapa unaweza kungoja wiki nyingi.

Halafu leseni utakayorudi nayo ni ya Marekani. Inakuruhusu ndege zilizosajiliwa huku, zenye herufi N. Nyumbani kwenu usajili wa ndege ni 5H, kwa hiyo utaanza tena safari ya kuibadili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kwa milioni 24 tiketi na chakula vitakula sehemu kubwa kabla hujashika usukani. Mwambie binamu akusalimie tu.

---

Dereva_Kisongo aliandika:

Wakuu, nawashukuru kutoka moyoni, sikutegemea majibu mazito namna hii. Dada wa Tudor, Pwani nimeifuta. Marekani nimeifuta pia.

Fundi, nijibu swali lako. Sio lazima zote ziwe za kuruka, nilidhani tu ndivyo inavyokuwa. Tajiri ananiachia kuanzia mwanzo wa Aprili, na magari yanaanza kutoka tena kwa wingi mwishoni mwa Juni. Januari na Februari siwezi kabisa, hapo nyumbu wanazaa Ndutu na hatulali.

Na Afrika Kusini hukuigusa. Kingine, navaa miwani, na mwili wangu ni kilo 96. Je, vinanizuia?

---

Fundi_Langata alijibu:

Sasa tumefika pazuri.

Nianze na Afrika Kusini. Kama miezi yako ingekuwa haisogei hata kidogo, ningekwambia uende nyanda za juu za Johannesburg, kwa sababu Aprili na Mei kule mvua zinaisha, anga inakuwa kavu na wazi, na viwanja viko juu kama vyetu. Usipeleke masika yako Cape Town, kule majira ya baridi ndiyo ya mvua. Lakini ni saa 45 badala ya 40, ni safari ndefu, na leseni ni ya ndege za kule, zenye usajili wa ZS, nayo utaibadili. Leseni ya Kenya pia ni ya ndege za Kenya, 5Y, na utalazimika kuibadili ili uruke 5H, tofauti ni kwamba hapa unavuka Namanga kwa basi, na chuo kikikusumbua unarudi kukidai kesho yake. Kabla hujalipa popote, nenda kwa Mamlaka kwenu uwaulize kwa maandishi watataka nini juu ya leseni ya nchi unayoifikiria. Barua yao iweke.

Mpango ambao ningekupa ni huu. Nadharia haihitaji anga wazi. Kuanzia sasa, jioni ukimaliza kuosha gari, soma: sheria za anga, hali ya hewa, kuongoza ndege kwa ramani na dira, ndege na injini yake, uwezo na uzito, mwili wa binadamu angani, redio. Aprili njoo Nairobi kwa muda mfupi, fanya uchunguzi wa afya, kaa na mwalimu wa darasani, ufanye mitihani ya maandishi mvua ikinyesha. Ukishindwa mmoja unarudia bila ndege kukudai. Kisha katikati ya Mei, mvua zikianza kukatika, ndipo uanze kuruka, hadi wiki ya tatu ya Juni. Juni ya Nairobi asubuhi ina wingu zito la chini, kwa hiyo omba nafasi za kuanzia saa nne au tano hivi likishapanda. Baridi ya Juni ni rafiki yako, ndege hupenda hewa nzito. Mtu aliyemaliza mitihani kabla ya kuruka kichwa chake kiko kwenye ndege peke yake, na mimi sijaona njia nyingine inayopunguza saa kama hiyo.

Hesabu yako: saa 55 kwa 18,000 ni 990,000 za Kenya. Kwa kubadilishana shilingi moja yetu kwa ishirini zenu ni milioni 19.8. Umebakiwa na milioni 4 na kitu kwa chumba, chakula, uchunguzi wa afya, ada za mitihani na hedseti. Inabana. Tafuta chumba cha kukodi kwa mwezi upande wa Lang'ata au South C uende Wilson kwa matatu, na hedseti nunua iliyotumika kwa mwanafunzi aliyemaliza. Jiwekee kando pesa ya saa tano ambazo huzigusi mpaka wiki ya mtihani wa kuruka, maana hapo ndipo wengi huishiwa, wakakaa miezi miwili wakitafuta pesa, wakarudi mkono umelala.

Miwani haikuzuii. Cheti cha afya cha daraja la pili kinataka, ukiwa na miwani yako, kila jicho lione 6/12 na yote mawili pamoja 6/9. Unatakiwa kuwa na miwani ya akiba ndani ya ndege. Kinachowashtua watu ni kipimo cha rangi, vile vitabu vya nukta nyekundu na kijani. Ndiyo maana nataka uanze kwa daktari wa anga aliyeidhinishwa, kabla ya shilingi moja kwenda chuoni.

Kilo 96. Hapo tuzungumze. Cessna 152 uzito wake wa juu kabisa wa kuruka ni kilo 757. Ukiondoa ndege yenyewe, nyingi hubakiza kama kilo 230 za watu na mafuta, na kila moja ina karatasi yake ya uzito, iombe. Wewe 96, mwalimu wa kilo 75, jumla 171. Zinabaki 59 za mafuta, kama lita 82, na ndege hiyo hunywa karibu lita 23 kwa saa. Kwa somo la saa moja yanatosha na akiba juu. Sheria haikukatazi. Lakini Wilson iko zaidi ya futi 5,500, na mchana wa nyuzi 26 ndege hujiona kama iko futi 8,000 hata kabla ya kupaa. Injini isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza nguvu kadiri unavyopanda, na 152 yenye watu wawili wazito itapanda polepole mpaka uisikie kwenye tumbo. Kwa hiyo mwambie chuo uzito wako mapema, wakupangie mwalimu mwepesi na wasijaze tangi. Wakikwambia huna budi kwenda 172, piga hesabu upya, kwa sababu hiyo hunywa lita 30 na zaidi na bei yake ya saa iko juu. Usikubali kuambiwa hilo ukiwa umeshalipa.

Na usisahau PPL haikuruhusu kulipwa. Mgeni wako akikuomba umrushe Seronera akupe chochote, jibu ni hapana. Kwa hilo unahitaji leseni ya rubani wa biashara, ambayo kwa njia ya kawaida ni saa 200 za kuruka.

Ukipata tarehe ya daktari, andika hapa. Ukija Wilson nitakuonyesha ndege zilizofunguliwa injini hangarini, uone unacholipia, kisha twende pamoja hadi vyuo viwili au vitatu ukaulize yale maswali mwenyewe.

---

Dereva_Kisongo aliandika:

Fundi, nakuja. Karatasi ya uzito nitaiomba kwanza, kabla ya bei. Kesho nampigia daktari.